Chakula cha Agosti Huwekwa Aprili

Mwezi wa Agosti, katika mashamba ya viazi sukari (mizizi ya kutengenezea sukari) ya Norfolk na Suffolk, mashariki ya Uingereza, huoni trekta likimwaga mbolea. Majira ya joto yanaelekea ukingoni, mizizi inanenepa kwa kasi, na mashine ya mbolea imeegeshwa ghalani. Mgeni aliyetoka Njombe au Nyandarua, alikozoea kuona mbolea ya kukuzia ikifuata kila palizi, anaweza kudhani zao limesuswa. Kumbe chakula cha Agosti kilikwisha wekwa shambani tangu Aprili. Tutazame hesabu yake, kwa sababu ndani yake mna jibu la swali la kila mlima karoti: mwisho wa msimu tuulishe mzizi nini?

Mbegu za kiazi sukari hupandwa kati ya katikati ya Machi na Aprili, kwa lengo la kupata mimea ipatayo 100,000 katika hekta moja. Naitrojeni, kwenye udongo wa kawaida wa huko, haipaswi kuzidi kilo 120 kwa hekta. Kilo 30 hadi 40 hutangulia mara tu baada ya kupanda; zilizobaki hufuata miche ikishachomoza yote. Mwezi Juni majani yamefunika nafasi kati ya mistari, na mlango wa naitrojeni umefungwa.

Kwa nini ufungwe mapema hivyo? Kwa sababu anayeunenepesha mzizi ni jani. Udongo hutoa maji na madini. Sukari hupikwa jani likiwa juani, kisha huteremshwa chini. Kiazi sukari ni mmea wa miaka miwili, sawa na karoti na bitiruti: mwaka wa kwanza hujaza ghala, mwaka wa pili hulifungua ghala hilo ili kutoa maua na mbegu. Mkulima huvuna kabla ghala halijafunguliwa. Ukiumwagia mmea naitrojeni wakati ambao ungekuwa unajaza ghala, unaurudisha kwenye ujenzi. Huchipua majani mapya, na sukari ambayo ingeteremka hutumika juu.

Kwa kiazi sukari, kosa hilo lina bei. Mkataba wa mkulima wa Uingereza huhesabu malipo kwa kiwango cha msingi cha sukari cha asilimia 16. Mzigo ukizidi hapo bei hupanda, ukipungua hushuka. Tena naitrojeni iliyozidi huingia kiwandani ndani ya mzizi ikiwa katika umbo la amino, na huizuia sehemu ya sukari kuganda ikawa chembe. Sehemu hiyo huishia kwenye molasi. Mkulima aliyeongeza mfuko mmoja Julai anaweza kuvuna majani ya kupendeza na hundi nyembamba.

Sasa, Agosti mkulima hafanyi kitu? Anafanya, ila kazi yake si ya mbolea. Ya kwanza ni kuyalinda majani. Kutu na ukungu hushambulia wakati huu, na jani likifa mmea hutoa jani jingine kwa kuikopa sukari iliyomo mzizini. Ndiyo maana dawa ya ukungu hunyunyizwa kuanzia mwisho wa Julai. Ya pili ni maji, kwa mwenye uwezo wa kumwagilia: jani lililonyauka mchana kutwa halipiki kitu.

Na kiungo cha tatu kimo tayari ardhini, nacho ni potashi. Potasiamu ndiyo inayosaidia kuipakia sukari kwenye mirija ya kuteremkia, na ndiyo inayofungua na kufunga vinyweleo ambavyo kwavyo jani huvuta hewa. Upungufu wake huonekana kwenye majani ya zamani: kingo hugeuka manjano, kisha huungua. Kiazi sukari kina upendeleo wake mwingine. Babu yake ni mmea wa pwani, uliozoea upepo wa chumvi, kwa hiyo sodiamu huweza kushika sehemu ya kazi ya potasiamu. Wakulima wa Uingereza wamemwaga chumvi mashambani kwa sababu hiyo. Karoti na kiazi kitamu havina nasaba hiyo. Usivijaribie chumvi ya jikoni.

Turudi nyumbani. Mbolea yetu ya kukuzia kwa kawaida ni urea, yenye naitrojeni asilimia 46, au CAN, yenye asilimia 26 hivi. Kwa mahindi na sukuma wiki ni sahihi, kwa maana majani na masuke ndiyo tunayotafuta. Kwa mzizi, mbolea hizo zina wakati wake, nao ni wa mwanzo. Aliyewahi kufukua tuta la viazi vitamu lenye marando ya kufika goti, akakuta chini vidole vitupu, ameliona somo la Norfolk bila nauli ya ndege.

Hata mbolea za asili zichunguzwe kwa jicho hilo. Alizeti mwitu, ile inayoota kando ya barabara magharibi ya Kenya, husifiwa kwa potashi, na kweli majani yake makavu yana potasiamu asilimia 4 hivi. Lakini yana pia naitrojeni asilimia 3.5. Ni chakula kizuri cha kuandalia shamba. Si cha wiki za mwisho.

Kwa karoti za siku 100 hivi, ratiba yangu ni hii. Samadi iliyooza vizuri iingie shambani msimu uliotangulia, maana mbichi huchangia mizizi kugawanyika. Urefu wa karoti hupangwa wiki za mwanzo. Mzizi uliogonga jiwe ukapinda hautanyooshwa na mbolea yoyote ya baadaye. Naitrojeni kidogo itolewe baada ya kupunguza miche, kisha basi. Zikibaki wiki 5 au 6 za kuvuna, nyunyiza kati ya mistari gramu 15 za salfeti ya potashi kwa mita ya mraba, au viganja viwili vya majivu ya kuni safi, uchanganye na udongo wa juu na kumwagilia. Majivu hupunguza tindikali ya udongo, kwa hiyo yakae mbali na viazi mviringo, ambavyo huota upele kwenye udongo wa namna hiyo. Funika mabega ya karoti yasigeuke kijani, na mwagilia kwa kipimo kimoja: kiu ndefu ikifuatwa na maji mengi huipasua.

Potashi hiyo ya mwisho itasaidia pale tu udongo ulipopungukiwa. Shamba lenye potashi ya kutosha halitaiona tofauti, na kipimo cha udongo kabla ya kupanda ni nafuu kuliko mfuko uliomwagwa kwa kubahatisha. Bali mfuko wa urea mwezi wa mwisho hauna utetezi. Ukishaununua, uwekee mahindi.