Hodi, Jina na Ruhusa: Uhakiki wa Mwongozo Mmoja wa Kiswahili kuhusu Uangalizi wa Mitandao

1. Utangulizi

Uhakiki wetu umezoea kushughulika na riwaya, tamthilia na ushairi. Maandishi ya kazi, kama vile miongozo ya mafundi na maagizo ya mitambo, huachwa nje kana kwamba hayana fani wala maudhui. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kuwa mazoea hayo yana hasara yake. Nitachunguza mwongozo wa kurasa 12, usiochapishwa, niliousoma Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, katika ofisi ya mfanyabiashara wa jumla karibu na soko. Mwandishi wake ni fundi kijana aliyepata kuwa mwanafunzi wangu. Yeye na ofisi yenyewe sitawataja kwa majina. Mwongozo wake wawafundisha wasaidizi namna ya kutayarisha programu ya kuangalia mtandao wa kompyuta, yaani jinsi ya kuiamuru itafute vifaa vyote vilivyounganishwa, na jinsi ya kuipa maneno ya kuingilia katika vifaa hivyo.

Swali ninalolikabili ni hili: je, mwandishi amefasiri maneno, au amefasiri kazi? Hoja yangu ni kwamba alipofasiri maneno amempoteza msomaji wake, na alipofasiri kazi amefaulu kuliko wataalamu wengi. Kadhalika nitaonyesha kuwa makosa ya istilahi hayakuishia kwenye karatasi.

2. Usuli

Juhudi za kuiandika kompyuta kwa Kiswahili si ngeni. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, na katika miaka iliyofuata Microsoft nayo ikatoa sura ya Kiswahili ya programu zake. Lakini juhudi hizo zilimlenga mtu aliyeketi mezani akiandika barua; hazikumlenga fundi anayeshughulika na nyaya. Wakati huohuo, nyaya za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa mwaka 2009, na ile ya EASSy mwaka 2010. Tangu hapo mitandao imeingia madukani, shuleni na zahanati. Mafundi husoma vitabu kwa Kiingereza, ila wafanyapo kazi huzungumza Kiswahili. Kwa hiyo istilahi nyingi hazisubiri kamati. Huzaliwa juu ya ngazi, fundi mmoja akimwita mwenziwe. Mwongozo huu ni ushahidi wa lugha hiyo.

Kabla ya kuuhakiki, hapana budi tuieleze kazi yenyewe. Programu ya uangalizi, kama vile Zabbix, hupewa safu ya anwani. Safu iliyo ya kawaida katika ofisi ndogo ina anwani 254 zinazoweza kupewa vifaa. Programu huipelekea kila anwani swali fupi la kutaka kujua kama kuna aliyepo, kwa njia ileile ya chombo kiitwacho ping, alichokiandika Mike Muuss mwaka 1983. Baada ya kuitikiwa, programu hutaka kujua zaidi: kifaa ni cha aina gani, kinaitwaje, kimewashwa tangu lini, kimebeba mzigo kiasi gani. Maswali haya ya pili huulizwa zaidi kwa utaratibu wa SNMP, uliowekwa mwaka 1988, nayo hayajibiwi mpaka muulizaji atoe neno la ruhusa. Basi kazi ina hatua tatu: kuita, kujitambulisha, na kuruhusiwa kuuliza.

3. 'Ugunduzi' na mipaka yake

Hatua ya kutafuta vifaa mwandishi ameiita ugunduzi, akilifuata neno la Kiingereza 'discovery'. Kikamusi hana kosa. Hata hivyo, neno kugundua lina historia katika masikio yetu. Shuleni tulifundishwa kuwa Rebmann, aliyekuwa na makao Rabai, hapa jirani, aligundua mlima Kilimanjaro mwaka 1848, ilhali Wachagga walikuwa wakiishi na kulima kwenye miteremko yake tangu zamani. Kugundua, kwa matumizi hayo, ni kazi ya mtazamaji peke yake. Kinachotazamwa hakiulizwi wala hakijibu.

Katika mtandao mambo ni kinyume. Kwa wito huo peke yake, programu haiwezi kukiona kifaa kisichotaka kuonekana. Kompyuta nyingi huwekewa kinga ya kutoitikia wito, na mwongozo unaposema kuwa anwani isiyojibu haina kifaa, unasema lisilo kweli. Mtu akipiga hodi asijibiwe, hasemi kuwa nyumba haina watu. Pengine mwenyewe yumo ndani anasali, au amesikia akaamua kunyamaza. Kosa hili la maudhui limezaliwa na neno: aliyekwisha kuamini kuwa anagundua huamini pia kuwa asichokigundua hakipo.

Inashangaza kuwa mwandishi huyuhuyu, katika ukurasa wa tano, ameiacha istilahi yake akaeleza kuwa programu hupita mlango kwa mlango ikibisha hodi. Hapa msomaji anaelewa mara moja. Hodi ina mwitiko wake, ina adabu yake, na ina mipaka yake, kwani kuitikiwa 'karibu' mlangoni si ruhusa ya kufungua makabati. Napendekeza, kwa hiyo, wito wa kwanza uitwe hodi, na shughuli nzima ya kuvijua vifaa iitwe utambuzi. Ama ugunduzi, sipendi tulitupe. Hutokea programu ikakuta kifaa ambacho hakuna aliyekiandikisha, labda kisanduku cha mawasiliano ya hewani alichokichomeka karani bila kumwambia mtu. Kwa tukio hilo moja, fundi amegundua kweli.

4. Jina na anwani

Mwongozo unaagiza kuwa kila kifaa kinachopatikana kiandikwe daftarini kwa anwani yake, na anwani hiyo ndiyo iwe jina lake. Mtu wa Kongowea hakufaa kukosea hapa. Katika tungo za Muyaka bin Haji (1776–1840) Kongowea ni mji wa Mombasa wenyewe, kule kisiwani. Leo mtu akilitaja jina hilo humaanisha mtaa wa bara na soko lake. Jina na mahali, basi, havikufungwa pamoja milele. Ndivyo ilivyo katika mitandao mingi: anwani huazimwa kwa muda, na iliyokuwa ya printa juzi yaweza kuwa ya simu ya mgeni kesho.

Jina la kweli kifaa hukitaja chenyewe, lakini humtajia yule tu aliyetoa neno la ruhusa. Ndiyo maana mpangilio wa mwongozo una kasoro. Mwandishi ameweka utafutaji sura ya kwanza na maneno ya kuingilia sura ya tatu. Msaidizi anayemfuata hatua kwa hatua atapata orodha ndefu ya anwani ambazo programu haikuweza kuzieleza, atadhani mtambo ni mbovu, na atarudia kazi upya. Hati zingetangulia, kisha hodi.

5. 'Uzi wa jamii'

Sasa tufikie mahali palipoharibika zaidi. Neno la ruhusa la SNMP huitwa kwa Kiingereza 'community string'. Mwandishi ameliita uzi wa jamii. Nida, katika kitabu chake cha 1964 juu ya taaluma ya tafsiri, alipambanua ulinganifu wa umbo na ulinganifu wa athari. Uzi wa jamii haufikii hata umbo, kwa sababu 'string' katika lugha ya kompyuta ni mfuatano wa herufi, si kitu cha kushonea. Msaidizi niliyezungumza naye aliniambia kuwa kwa miezi alidhani ni waya wa aina fulani, na kuwa ofisi haijaununua.

La pili ni zito zaidi. Vifaa vingi vilitoka kiwandani vikiwa na neno public kwa ruhusa ya kusoma na private kwa ruhusa ya kuandika. Mwandishi, kwa bidii ya kusanifisha, amelifasiri la kwanza umma. Wasaidizi wakaandika umma, na vifaa vikanyamaza. Hapa pana kanuni ambayo waalimu wa tafsiri hatuifundishi vya kutosha: katika maandishi ya kompyuta kuna maneno ya kufasiriwa na maneno ya kunakiliwa. La kwanza huelekezwa kwa binadamu, la pili kwa mashine. Mfasiri asiyetofautisha hadhira hizi mbili atamnyima kila mmoja lugha yake.

Tena, mwongozo ungepaswa kusema wazi kuwa neno public halifai kuachwa hata kama linafanya kazi. Neno la ruhusa linalojulikana na dunia nzima si siri. Mwaka 2016 programu haribifu ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi katika nchi nyingi kwa kujaribu tu majina na maneno ya siri ya kiwandani ambayo wenyewe hawakuyabadilisha. Njia ilikuwa nyingine, lakini uzembe ulikuwa huuhuu.

6. Stakabadhi, nywila na hati

Kwa 'credentials' mwandishi anayumba kati ya maneno mawili. Mara husema stakabadhi, mara nywila. Stakabadhi, kwa mtu wa Mombasa aliyekulia karibu na bandari, ni karatasi ya kuthibitisha kuwa malipo au mzigo umepokelewa. Ni ushahidi wa jambo lililokwisha, wala haimruhusu mtu kufanya lolote kesho. Nywila nayo ni sehemu tu ya kitu kizima, kwani hati kamili huwa na jina, siri na kiasi cha ruhusa.

Neno lifaalo tunalo, tena tunalisikia katika habari: balozi mpya huwasilisha hati za utambulisho kwa Rais. Hati hizo zataja aliyetumwa, aliyemtuma na anayepelekewa. Balozi hazisambazi hati zake kwa kila nyumba anayoipita njiani. Na hili ndilo funzo la usalama lililokosekana katika mwongozo. Programu iliyopewa safu pana ya anwani na hati moja itaijaribu hati hiyo mbele ya kila anayeitikia, rafiki na asiye rafiki. Isitoshe, matoleo ya kwanza na ya pili ya SNMP hulipitisha neno la ruhusa wazi, mtu wa katikati akaweza kulisoma. Toleo la tatu, lililokamilishwa mwaka 2002, ndilo lenye uwezo wa kulificha.

Mwongozo unaagiza ijazwe nywila ya msimamizi. Msaidizi mmoja alifanya hivyo, ila akaandika nywila ya zamani. Programu ikaijaribu katika kila kompyuta ya ofisi, na kwa kuwa mtambo umewekewa kanuni ya kufunga akaunti baada ya majaribio kadhaa yasiyofaulu, akaunti ya msimamizi ikafungwa. Ilikuwa siku ya mshahara. Wapagazi wa ghala walikaa barazani hadi baada ya alasiri wakisubiri ujira wao, na msaidizi akakatwa siku mbili. Yafaa tujiulize: nani aliyekosea? Kijana alifuata maandishi. Maandishi hayakumwambia kuwa mwangalizi si msimamizi. Kwamba programu ya kuangalia hufunguliwa akaunti yake yenyewe, yenye ruhusa ya kusoma tu na kwa vifaa vinavyohusika tu. Tofauti hiyo Kiswahili kinaibeba bila taabu, kwani anayeangalia na anayetawala ni watu wawili katika lugha yetu tangu hapo.

7. Fani

Kwa upande wa lugha, mwongozo una sifa zinazostahili kutajwa. Sentensi ni fupi, vitenzi vya amri vimetumika sawasawa, na kila hatua ina kitendo kimoja. Neno mtandao, hata hivyo, limetumika kwa mtandao wa ofisi na kwa intaneti vilevile, na msomaji huachwa akibahatisha. Kusema mtandao wa ndani kungetosha.

Jambo la kuvutia ni upatanisho wa kisarufi. Katika ule ukurasa wa tano, mwandishi ameandika kwa lafudhi ya Kimvita kuwa printa yuwaitika, akakipa kifaa upatanisho wa viumbe wenye uhai. Mtetezi wa usanifu atalikata kwa wino mwekundu. Mimi naona kuwa kila mahali kifaa kinapojibu, mwandishi hukipa uhai, na kila mahali kinaponyamaza hukirudisha katika ngeli ya vitu. Sidhani amepanga hivyo. Lakini sarufi yake imeshika ukweli ambao istilahi yake imeukosa: utambuzi ni mazungumzo.

8. Hitimisho

Tumeona kuwa mwongozo huu umeanguka pale mwandishi alipoinamia kamusi, na umesimama pale alipoinua macho akaitazama kazi. Lawama si yake peke yake. Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha rasmi pamoja na Kiingereza, nasi katika idara zetu tumelishangilia jambo hilo kwa makongamano, huku fundi akiachwa ajitungie maneno peke yake. Nimempelekea mwandishi masahihisho yangu. Naye amenijibu kwa swali ambalo nalileta kwa wenzangu kama lilivyo: mbona, mwalimu, katika miaka mitatu mliyonifundisha tafsiri, hamkunipa hata siku moja maandishi ya kazi niyafasiri?