Kuacha Matunda si Kukata Tamaa: Dhana ya Kihindu ya Ukombozi wa Kiroho katika Usomaji wa Riwaya za Nairobi

Utangulizi

Mahali pa Wahindu pa kuteketezea maiti jijini Nairobi pako Kariokor, mlangoni mwa mitaa ya Eastlands, jirani na Ziwani na Pumwani. Jina la mtaa huo, kama lile la Kariakoo ya Dar es Salaam, limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Kwa miaka mingi moto wa Kariokor ulichukuliwa kuwa shughuli ya Wahindi wenyewe, jambo lisilomhusu jirani wa Pumwani. Tarehe 8 Oktoba 2011 mwili wa Profesa Wangari Maathai uliteketezwa hapo, ndani ya jeneza lililotengenezwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji. Walifuata Bob Collymore na Ken Okoth mwaka 2019, kisha Charles Njonjo mwaka 2022. Hawa hawakuwa Wahindu, wala haifai kuwabambikia imani isiyo yao. Hata hivyo, katika nchi ambayo kesi ya mazishi ya S. M. Otieno, iliyoamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1987, ilimpa ukoo haki ya kumzika marehemu katika ardhi ya wazee wake, moto huo ulilazimisha swali: mtu anapoacha, anaacha nini hasa?

Swali hilo ni la fasihi pia. Mhusika wa riwaya asiyeng'ang'ania kitu huelezwa na wahakiki kwa namna mbili. Wa kwanza humsifu kwa utulivu wa kiroho. Wa pili humlaumu kwa kuikimbia jamii, na lawama hiyo aghalabu huhusishwa na falsafa ya Kihindu, kana kwamba falsafa hiyo humfundisha mtu kuketi pembeni huku dunia ikiungua. Makala haya yanadai kwamba sifa na lawama hizo zinatokana na kosa moja. Kinachoachwa, katika mkondo wa fikra za Kihindu unaojadiliwa hapa, ni dai la mtu juu ya matunda ya tendo lake. Tendo lenyewe haliachwi, wala watu hawaachwi. Aidha, makala yanadai kuwa nasaha ya kuacha haiwezi kupimwa bila kuuliza nani anaambiwa. Riwaya mbili zitatumika kama mizani: Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye (1986), ambayo maisha yake ya Nairobi yanaanzia Pumwani, na The In-Between World of Vikram Lall ya M. G. Vassanji (2003).

Tatizo la Istilahi

Msomaji wa Kiswahili anaikabili dhana hii akiwa na kikwazo cha lugha. Neno "tamaa" lina pande mbili: ni uchu, nalo ni matumaini. Anayesifiwa kwa kutokuwa na tamaa ameushinda uchu. Lakini aliyekata tamaa amepoteza matumaini. Kwa hiyo Kiswahili, kikitumiwa bila hadhari, humfanya mtawa na mtu aliyevunjika moyo waonekane ndugu. Dhana ya vairagya, yaani kufifia kwa mvuto wa vitu moyoni, haiwezi kufasiriwa kuwa kukata tamaa bila kuigeuza kuwa ugonjwa.

Kiswahili hakikosi maneno mengine. Lipo "zuhudi", lililokuja na elimu ya Kiislamu, linalotaja kuipa dunia kisogo kwa ajili ya Mungu. Lipo pia "ukinaifu", hali ya kutosheka na kilichopo. La kwanza linakaribia utawa. La pili linakaribia utulivu wa nafsi. Hakuna linalobeba kwa ukamilifu neno anasakti, ambalo Gandhi alilichagua kuwa jina la tafsiri yake ya Gita katika Kigujarati, Anasaktiyoga, iliyotolewa mwaka 1930, mwaka uleule wa matembezi yake ya chumvi. Anasakti ni kutonata. Mkono unashika jembe, lakini haugandi kwenye mpini. Ni muhimu kutambua kwamba mfasiri huyo hakuliona neno hilo kuwa kinyume cha siasa.

Matunda na Tendo

Bhagavad Gita, yenye sura 18, ni sehemu ya utenzi mkubwa wa Mahabharata. Mandhari yake ni uwanja wa vita wa Kurukshetra. Arjuna, shujaa wa ukoo wa kifalme, anawaona jamaa na walimu wake upande wa pili, naye anaweka upinde chini. Yamkini msomaji angetarajia kitabu cha kujitenga na dunia kimpongeze. Krishna hampongezi. Anamweleza kwamba hakuna kiumbe awezaye kukaa bila kutenda hata kwa kitambo kidogo, na kwamba anayevizuia viungo vyake huku akilini akiendelea kuvionja vitu vya dunia anajidanganya. Anachotakiwa Arjuna aache ni dai lake juu ya matokeo. Hata pepo imo katika matokeo hayo: Gita inawakosoa wanaotimiza ibada kwa uchu wa kufika mbinguni. Moksha, yaani kufunguliwa kutoka katika mzunguko wa kuzaliwa na kufa, haipatikani kama ujira.

Ifahamike kwamba Uhindu si sauti moja. Shankara, mwanafalsafa wa shule ya Advaita, alishikilia kuwa ukombozi huletwa na ujuzi wa nafsi, na kwamba aliyeupata ujuzi huo huyaacha hata matendo. Mila yenyewe inaitunza tofauti hiyo katika kifo. Sanyasi, yaani mtawa aliyeiaga nyumba, kwa kawaida hateketezwi bali huzikwa au hutoswa majini, kwa kuwa moto wake wa ibada alikwisha kuuingiza nafsini alipotawa. Wanaoteketezwa ni watu wa nyumbani, wenye watoto, madeni na maduka. Moto wa Kariokor, kwa maana hiyo, ni moto wa watu waliokuwa na vya kuacha.

Ulinganisho na Al-Inkishafi utasaidia. Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir anauonyesha moyo wake magofu ya Pate ili ukome kuidanganyikia dunia. Hapo zuhudi inasukumwa na picha ya uharibifu na hofu ya hukumu; mtu anaacha cha leo kwa ajili ya cha kesho. Gita inaomba kesho nayo iachwe. Hata hivyo, kazi hizo mbili zinafanana katika jambo ambalo wahakiki hawalipi uzito wa kutosha: msemewa. Sayyid Abdalla anausemesha moyo wake mwenyewe. Krishna anamsemesha shujaa mwenye silaha na dai la ufalme. Hamsemeshi mtwana wa farasi. Katika kazi zote mbili anayeambiwa aache ni mwenye nacho.

Paulina: Kunyang'anywa na Kuacha

Paulina wa Coming to Birth anawasili Nairobi mwaka 1956, wakati wa Hali ya Hatari, akiwa msichana wa miaka 16 anayemfuata mumewe Martin katika chumba cha Pumwani. Siku zake za kwanza mjini ni mimba iliyoharibika, kupotea njia, usiku wa rumande na kipigo cha mume. Baadaye anapata mtoto, Okeyo, naye mtoto huyo anauawa kwa risasi mjini Kisumu katika ghasia za Oktoba 1969, siku ambayo Rais Kenyatta alifungua hospitali. Kwa mtazamo wa juujuu, hapa pana mfano wa mtu aliyefunguliwa kutoka katika vifungo vyote: ndoa imelegea, mtoto hayupo, nyumba si yake.

Usomaji huo ni wa kikatili. Paulina hakuacha, alinyang'anywa. Falsafa inayouita msiba wa mama utawa imeacha kuwa falsafa. Kinachostahili kuchunguzwa ni hatua inayofuata, pale ambapo kukata tamaa kungekuwa jambo la kutarajiwa. Mwandishi anamrudisha Paulina Nairobi na kumpa kazi katika nyumba ya mwanasiasa. Huko mhusika anaanza kutazama mambo yasiyo yake binafsi: watoto wa mitaani wanaohitaji chakula, mauaji ya J. M. Kariuki mwaka 1975, wanasiasa wanaotiwa kizuizini. Upendo ambao hapo awali ulitafuta malipo katika mtoto wake mwenyewe unapanuka pasipo mtoto huyo kusahauliwa. Anapochukua mimba tena mwishoni mwa riwaya, mimba hiyo haionekani kuwa ujira wa subira yake. Ameikuta akiwa tayari anaishi.

Macgoye alikuwa Mkristo, na mhusika wake ni Mkristo. Hakuna haja ya kudai athari ya Gita juu ya riwaya hii. Dhana ya kuacha matunda inatumika hapa kama chombo cha uhakiki, na faida yake ni moja: inamwezesha msomaji kuitofautisha subira ya Paulina na unyonge. Mnyonge huacha tendo kwa sababu tunda limepotea. Paulina anaendelea na tendo ingawa tunda limepotea.

Vikram Lall: Utulivu wa Uongo

Katika riwaya ya Vassanji, msimulizi ni Mkenya wa familia ya Kihindu kutoka Punjab, mjukuu wa mjenzi wa reli, aliyelelewa Nakuru na baadaye kuingia katika mitandao ya fedha na siasa ya Nairobi. Anasimulia akiwa Kanada, akikiri kuwa jina lake limo miongoni mwa mafisadi wakubwa wa bara. Tangu utotoni, wenzake wa michezo walipouawa wakati wa Mau Mau, ubaridi umemwingia. Dada yake Deepa anampenda Njoroge, rafiki yao wa siku nyingi, lakini familia inauzuia upendo huo. Njoroge naye anauawa baadaye. Lall anayatazama yote kwa sauti isiyopanda wala kushuka.

Sauti hiyo inaweza kumhadaa mhakiki. Mtu asiyekasirika, asiyeshangilia, asiyelia, anafanana kwa nje na yule mwenye akili thabiti anayeelezwa katika sura ya pili ya Gita. Mhakiki akifika hapo atasema kwamba Vassanji amechora Uhindu wa kujitenga, na kwamba ufisadi ni tunda lake. Lakini mpangilio wa maadili ya Lall ni kinyume kabisa. Katika kupitisha fedha chafu, yeye hujiona mpatanishi tu, mtu wa katikati ambaye tendo si lake. Fedha, hata hivyo, anazipokea. Gita inamtaka mtu alikubali tendo na kuliacha tunda. Lall analikana tendo na kulishika tunda. Amejitenga na watu, lakini hajajitenga na faida. Usimulizi wenyewe ndio unaomtibu kidogo kidogo, kwa kuwa kusimulia ni kukubali kwamba matendo yalikuwa yake. Na kurudi kwake Kenya kunaonyesha kwamba njia ya kufunguliwa ilipitia katika uwajibikaji.

Pingamizi

Pingamizi zito linabaki. B. R. Ambedkar, mtetezi wa waliobaguliwa kwa utabaka wa Kihindu, aliiona Gita kuwa utetezi wa kifalsafa wa mfumo uleule uliowakandamiza. Pingamizi lake lina uzito katika mitaa ya Eastlands, iliyojengwa kwa sehemu kubwa ili kuwaweka wafanyakazi Waafrika karibu na kazi na mbali na mali. Mpangaji wa Kaloleni akiambiwa afanye kazi asitazame matunda, mwajiri wake ndiye atakayeitikia amina. Tarehe 23 Aprili 1950, katika ukumbi wa Kaloleni, Makhan Singh, mwanachama wa vyama vya wafanyakazi aliyezaliwa Punjab katika familia ya Kisingasinga, alitoa azimio la kudai uhuru wa nchi za Afrika Mashariki. Alikamatwa mwezi uliofuata na kuwekwa kizuizini kwa takriban miaka 11. Ukumbi huo haukuwa mahali pa kuhubiri kutosheka.

Pingamizi hili haliivunji hoja ya msemewa; linaitilia nguvu. Hakuna mtu awezaye kuliacha tunda la mwenzake. Nasaha ya kuacha inayotoka kwa tajiri kwenda kwa maskini ni unyang'anyi uliovaa kanzu. Ikitoka kwa mtu kwenda kwa nafsi yake, kama katika Al-Inkishafi, au ikimwendea mwenye nguvu, inaweza kuwa ukombozi. Makhan Singh aliyadai matunda ya kazi kwa niaba ya wengine, na yeye mwenyewe, baada ya uhuru, hakupewa nafasi yoyote kubwa ya uongozi. Halazimiki kugeuzwa kuwa mfuasi wa Krishna ili ionekane kwamba kudai haki ya wengine na kutodai malipo ya nafsi vinaweza kukaa katika mtu mmoja.

Hitimisho

Mwaka 1956, Sarvepalli Radhakrishnan, mfasiri wa Gita na Makamu wa Rais wa India wakati huo, aliizindua sanamu ya Gandhi katika chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Nairobi. Sanamu hiyo imepitwa na vizazi vingi vya wanafunzi wa fasihi, huku falsafa ya jirani zao wa Ngara na Pangani ikiachiwa watu wa dini. Gharama ya pengo hilo ni uhakiki unaomwona Paulina kuwa mnyonge na Lall kuwa mtawa. Dhana ya kuacha matunda, ikitumiwa kwa hadhari na ikiulizwa daima inamsemesha nani, inampa mhakiki maswali matatu ya kumwuliza kila mhusika anayeonekana kuipa dunia kisogo: Je, ameacha au amenyang'anywa? Ameacha tunda au tendo? Ameacha lake au la mwenzake? Mhusika asiyepimwa kwa maswali hayo hana budi kubaki katikati ya sifa na lawama ambazo hazimhusu.