Kivuli cha Mfuko

Belo la mashati likifunguliwa pale Karume, Ilala, hakuna anayesimama kutazama. Kamba zinakatwa, kilo 45 za nguo zilizokandamizwa safari nzima ya bahari zinaumuka kama unga uliotiwa hamira, na mikono inaingia. Wajuzi wanachomoa kwanza yasiyo na doa, yenye kola iliyosimama, wanayatupia begani na kuanza kupatana bei. Mimi nasubiri pembeni na kikapu changu. Nakuja kwa ajili ya yatakayobaki, jua likishapanda, muuzaji anapoanza kuimba: "Buku, buku, chagua mwenyewe!"

"Mama, hilo limechanika kwapani," kijana mmoja aliniambia Jumamosi fulani, kwa wema kabisa, aliponiona nimeshika shati la samawati.

Lilikuwa limechanika kweli. Kola ilikuwa imelika, vifungo viwili havikuwapo, na kwenye kona ya chini ya mfuko wa kifuani palikuwa na doa la wino. Lakini mgongo wake ulikuwa mzima, pamba tupu, iliyofuliwa mara nyingi hadi ikawa laini kama sikio la mtoto. Nikamlipa bila kuomba punguzo. Shati kubwa la kiume, ukiondoa kola na mishono, linatoa karibu mita moja ya kitambaa, na kitambaa cha namna ile huwezi kukipata katika duka lolote la Kariakoo, maana kiwanda hakijui kukitengeneza. Kinatengenezwa mgongoni mwa mtu, kwa miaka.

Nashona mifarishi. Neno lenyewe halisikiki sana siku hizi, lakini kitu chenyewe ni rahisi kueleza: vitambaa viwili, katikati pamba, sufi au blanketi kuukuu, vyote vikashonwa pamoja kutoka juu hadi chini ili kilicho ndani kisihame. Uso wa juu ndio wa viraka, na kiraka kwetu kina jina baya. Kumwambia mtu amevaa viraka ni kumwaibisha mbele za watu. Hata nguo za mtumba zenyewe wazee waliziita kafa Ulaya, kwamba mwenyewe amekufa huko ndipo zikaletwa huku, na bibi yangu alizichemsha mara mbili kabla hajamruhusu mtu kuzivaa. Nilikua na hofu ile. Alama za mtu nisiyemjua ndizo zilizonitisha utotoni, na leo ndizo ninazozitafuta kwenye rundo.

Kazi huanzia vidoleni. Unashika kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, unakisugua taratibu. Pamba hutulia na kupata joto la mkono. Poliesta huteleza na kubaki baridi. Lebo nyingi zimekatwa au zimefutika, kwa hiyo nikiwa na shaka nachomoa uzi mmoja nyumbani na kuuwasha kwa kiberiti. Uzi wa pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu mepesi yanayopeperuka. Wa poliesta huyeyuka, ukajikunja kuwa kipunje kigumu cheusi. Fulana za kuvutika siziweki kabisa, maana hutanuka chini ya sindano na kuuvuruga mstari, wala sichanganyi jinzi nzito na shati jepesi, kwa kuwa kilicho kizito hukichana kilicho chepesi siku ya kufua.

Kisha nalinyanyua shati kulielekea jua. Hapo ndipo linaposema. Viwiko vinapitisha mwanga, na bega moja limelika kuliko jingine, mahali ulipopita mkanda wa begi. Kuna aliyeegemea meza kwa mkono wa kushoto maisha yake yote ya kazi. Sijui jina lake, lakini kiwiko chake nimekiona. Nakata nikikwepa palipochoka na kufuata palipobaki na nguvu, mkasi ukienda sambamba na mtande, kwa sababu kipande kilichokatwa mshazari kitavutika na kuupindisha mfarishi mzima. Wanyarwanda wameuita mtumba caguwa, kutokana na chagua yetu. Wameupa jina sahihi. Anayejua kuchagua amekwisha kushona nusu.

Niliwahi kuamini kuwa kitambaa kipya ni bora. Mfarishi wangu wa pili niliuwekea vipande vyekundu nilivyonunua dukani, vinang'aa, na muuzaji akaniapia kwamba havichuji. Nilipoufua mara ya kwanza, wekundu ulitambaa mpaka kwenye weupe wa pembeni ukaacha madoa kama ya juisi ya zambarau, na vipande vile vikaruka, mfarishi ukajikunja pembe zote. Kazi ya miezi mitatu. Shati la mtumba limekwisha kuruka kiasi chake chote na kuchuja kiasi chake chote. Halina siri tena. Unachokiona sokoni ndicho utakachokilalia.

Wako waliolijua hili kabla yetu. Katika jimbo la Alabama, Marekani, mahali mto unapojikunja, kipo kijiji cha Gee's Bend. Wakazi wake wengi ni wa ukoo wa watumwa wa shamba la pamba, na wengi bado wana jina la mwenye shamba, Pettway. Mwaka 1942 mama mmoja wa pale, Missouri Pettway, alikuwa amefiwa na mumewe. Akazichukua nguo zake za kazi, akazikata, akashona mfarishi wa kujifunika ili abaki na kumbukumbu yake. Binti yake Arlonzia alimsaidia, na ndiye aliyekuja kuisimulia habari hiyo. Miaka 60 baadaye, 2002, mifarishi ya kijiji kile ilitundikwa ukutani katika Makumbusho ya Sanaa ya Houston, na watu waliozoea picha za wachoraji wakasimama mbele ya suruali za shambani zilizopauka kwa jua, ambazo palipokuwa na mfuko pamebaki pameiva rangi yake ya awali. Hakuna aliyepaka rangi ile. Ni jua lililochora, na mfuko ukazuia.

Karibu zaidi na sisi kwa damu wapo Wasidi wa Karnataka, India, watu wenye asili ya Afrika, ambao baadhi ya mababu zao walivushwa kutoka upande wetu huu wa bahari. Wanawake wao hushona mifarishi waiitayo kawandi kwa nguo zilizochakaa. Huanzia kona moja, wakazunguka ukingoni, wakaingia ndani pole pole, kiraka juu ya kiraka, hadi wakutane na katikati. Kwenye pembe huweka vijipande vya kitambaa vilivyokunjwa, viitwavyo phula, yaani maua. Bila hayo kawandi huhesabiwa kuwa uchi. Nilipoliona jambo hilo pichani kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Nikakumbuka kwamba hata kanga, kwa masimulizi ya wazee wa Pwani, ilianza kwa leso za mraba zilizounganishwa, tatu juu na tatu chini. Nguo ya heshima kuliko zote kwetu ilizaliwa na mshono wa kuunganisha vipande.

Kuna jambo ambalo halinipi raha, na sitalificha. Naupenda mkono wa fundi; mtumba wenyewe siuimbii sifa. Kiwanda cha Urafiki kilipofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, pamba yetu ilikuwa inasokotwa na kufumwa hapa hapa, na nguo zilizokuja kwa meli baadaye ni mojawapo ya mambo yaliyovidhoofisha viwanda vya namna ile. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa nguo hizi hatua kwa hatua. Rwanda ilipandisha ushuru na kushikilia uamuzi wake, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafasi ya kuingiza mavazi nchini mwake bila ushuru. Wengine tulirudi nyuma. Naamini Wanyarwanda walikuwa na haki. Lakini shati likishafika, likishakataliwa na wavaaji na kusubiri jalala, sioni heshima yoyote katika kuliacha likaoze. Lilianza kama pamba ya shamba la mtu, pengine la Shinyanga, likaizunguka dunia nzima na kurudi.

Lile shati la samawati nililifumua usiku, kwa wembe, mshono mmoja mmoja. Nilikusudia kuutupa upande wenye mfuko kwa sababu ya ule wino. Mfuko ulipong'oka, chini yake palikuwa na mraba wa buluu iliyoiva, buluu ya siku shati lile lilipotoka kiwandani, umezungukwa na samawati iliyopauka kama mbingu ya asubuhi. Ukingo wake ulikuwa na vitundu vidogo vya sindano, vimepangana kama nyayo za sisimizi. Na kwenye kona, doa la wino lilikuwa limepenya, dogo kama punje ya mtama. Nikalikata pande lile zima, nikaliweka katikati ya mfarishi, vipande vingine vikalizunguka.

Mfarishi ule niliupeleka Lushoto mwezi wa saba, kwa shangazi yangu, kule ambako ukungu huingia mlangoni kama mgeni asiyebisha hodi.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeniletea nini?"

Nikautandika kitandani. Hakusema umependeza wala haukupendeza. Aliupapasa kwa kiganja, kipande baada ya kipande, akauliza kimoja kilikuwa nguo ya nani, nami nikamwambia sijui, ni vya sokoni. Alipofika katikati akasimamisha mkono. Akapitisha kidole kwenye ukingo wa ule mraba, pande zote nne, kisha akakituliza juu ya doa.

"Huyu alikuwa mwalimu," akasema.

Akauvuta mfarishi mpaka kidevuni, akageukia ukutani.