Besi ya Kwaya ya Dongobesh: Shingo Kwanza, Daraja Baadaye

Magitaa mengi ya besi yanayolalamikiwa kwenye kwaya za Mbulu na Hanang ni mazima. Yalinunuliwa Kariakoo, yakapanda basi kutoka kwenye joto na unyevu wa pwani, yakafika nyanda za juu, ambako wilaya ya Mbulu inapanda hadi mita 2,400 hivi, na tangu hapo hakuna aliyeyagusa zaidi ya kukaza nyuzi. Mpigaji akisema vidole vinauma, kamati inapitisha kikapu cha gitaa jipya. Gitaa jipya nalo linapanda basi lile lile.

Ninalolichambua hapa ni la kwaya moja ya upande wa Dongobesh: nyuzi 4, nakala ya Kichina ya Jazz Bass, mfano ambao kampuni ya Fender iliutoa mwaka 1960. Malalamiko yalikuwa matatu. Nyuzi ziko juu mno, besi haikubaliani na kinanda, na mvumo hautulii kwenye spika. Kazi yote ilifanywa na fundi redio na seremala, na hakuna kati yao anayejiita fundi wa magitaa. Kwangu hiyo ni sifa, wala si upungufu. Leo Fender mwenyewe alikuwa fundi redio. Alifungua duka la kutengeneza redio mjini Fullerton, California, mwaka 1938, na hakuwahi kujifunza kupiga gitaa. Besi yake ya kwanza, Precision ya mwaka 1951, aliifungia shingo kwa skrubu nne tu, kusudi ikiharibika itolewe na kubadilishwa bila kuugusa mwili. Ni chombo kilichobuniwa na mtu aliyezoea kufungua vitu na kuvifunga tena.

Kosa lililokuwa limefanyika kabla ni la kawaida sana. Mtu alikuwa ameona nyuzi ziko juu, akachukua alenki akashusha vipande vya daraja hadi mwisho. Nyuzi zikabaki juu katikati ya shingo, na zikaanza kukwaruza freti za chini karibu na mwili. Daraja lilikuwa linaadhibiwa kwa kosa la shingo.

Nyuzi nne za besi zikiwa zimekazwa sawasawa huvuta shingo kwa nguvu inayokaribia kilo 80. Kinachopingana nazo ni fimbo ya chuma iliyolazwa ndani ya shingo, yenye nati yake upande wa kichwa au upande wa mwili. Mti nao haukai kimya: hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na shingo iliyosawazishwa pwani haiwezi kubaki vilevile baada ya kiangazi cha Juni hadi Oktoba huku juu. Dalili rahisi kuliko zote haihitaji kipimo. Pitisha kiganja pembeni mwa shingo. Ukikwaruzwa, ubao wa vidole umesinyaa na ncha za freti, ambazo ni chuma na hazisinyai, zimetokeza nje kama meno ya msumeno. Hizo zilisawazishwa kwa tupa ndogo, ikiegemezwa kidogo, na kipande cha msasa laini.

Kupima mpindo wenyewe ni hivi. Gitaa likiwa limetyuniwa, bonyeza uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya 17 kwa pamoja. Uzi huo sasa umekuwa rula. Tazama nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 8. Kwenye gitaa hili kadi ya benki, yenye unene wa milimita 0.76, ilipita bila kugusa kitu. Nafasi inayotakiwa ni milimita 0.3 hadi 0.5, yaani karatasi tatu hadi tano za mashine ya fotokopi zikiwa zimebanwa pamoja. Nati ya fimbo ilikazwa kwa kufuata mwelekeo wa saa, robo mzunguko tu, nyuzi zikatyuniwa upya, gitaa likaachwa hadi kesho yake. Kisha robo nyingine. Uvumilivu huo ndio ufundi wenyewe, maana fimbo ikikatika ndani, shingo imekwisha. Nati ikigoma, legeza nyuzi kwanza, na ikiendelea kugoma acha.

Baada ya shingo kunyooka hadi milimita 0.4, nusu ya malalamiko ilikuwa imeondoka na daraja lilikuwa bado halijaguswa.

Nusu iliyobaki ilikuwa kule juu, kwenye kidaraja cha plastiki kinachopitisha nyuzi kuelekea kichwani. Viwandani mifereji yake huachwa haina kina cha kutosha, kwa kuwa kiwanda hakitaki kurudishiwa gitaa linalokwaruza. Matokeo yake ni kwamba uzi unalazimika kushuka mbali ili uguse freti ya kwanza, unavutika, na noti inapanda. Kwaya inayoimba nyimbo nyingi Do ikiwa F inaumia hapo hasa, kwa sababu F ya chini ya besi iko kwenye freti hiyo hiyo ya kwanza. Mpiga kinanda alikuwa akimlaumu mpiga besi kwa masikio mabovu. Masikio yake yalikuwa sawa.

Kidaraja kipya kilichongwa kwa mfupa wa ng'ombe. Mafundi wa Ulaya huagiza vipande vya mfupa kwa posta. Katika nchi ya wafugaji wa Kiiraqw na Kibarabaig unauomba buchani. Unaofaa ni mfupa wa mguu, sehemu nene isiyo na vitundu. Ulichemshwa, ukakwanguliwa nyama na uboho, ukaoshwa kwa sabuni ya unga hadi mafuta yakaisha, ukaachwa ukauke kivulini. Kukausha juani kunaupasua. Seremala alitaka kutumia mpingo, na mpingo ni mti mgumu unaostahili heshima yote, lakini mahali ambapo waya wa chuma unasuguana kila siku mfupa unastahimili zaidi. Ulikatwa kwa msumeno wa chuma kwa upana wa shingo, milimita 38, mdomo na pua vikiwa vimefungwa kitambaa, maana vumbi la mfupa halifai kuingia kifuani.

Tupa maalumu za mifereji hazikuwepo. Ulitumika uzi mkuukuu wa besi uliozungushiwa msasa mwembamba, ukisuguliwa kwa mteremko kidogo kuelekea kichwani ili uzi uegemee ukingo wa mbele. Kipimo cha kina ni chepesi: bonyeza uzi kati ya freti ya 2 na ya 3, kisha uangalie juu ya freti ya kwanza. Ibaki nafasi ya karatasi moja au mbili. Ukichimba kupita hapo, uzi mtupu utakwaruza, nawe utarudi buchani kuomba mfupa mwingine.

Daraja sasa lilikuwa kazi ya muda mfupi. Kwenye freti ya 17 uzi mnene uliwekwa milimita 2.4 juu ya freti na mwembamba 2. Kisha kila kipande kikasogezwa mbele au nyuma hadi noti ya kubonyeza freti ya 12 ikalingana na ile sauti ya kengele inayotoka ukigusa uzi juu ya freti hiyo bila kuubonyeza. Noti ya kubonyeza ikizidi, kipande kinarudi nyuma. Programu ya tyuna ya simu inatosha. Nyuzi lakini ziwe mpya. Najua wengi huzichemsha zile za zamani, na kweli uchafu hutoka na mlio hurudi kwa muda, ila waya uliokwisha kulika na freti haulingani tena popote.

Kuhusu mvumo, fundi redio alikuwa nyumbani kwake. Jazz Bass ina pikapu mbili za koili moja moja, na koili moja hunasa kila kitu: taa, transfoma, chaja ya simu. Umeme wetu hutetema mara 50 kwa sekunde, na mvumo wake husikika zaidi kwenye 50 na 100. Uzi wa G mtupu hutetema mara 98. Ndiyo maana mpigaji akigusa G anasikia sauti ikiyumba, kama mara mbili kila sekunde. Volyumu zote mbili zikifunguliwa hadi mwisho mvumo hupungua sana, kwa kuwa koili na sumaku za pikapu moja huwekwa kinyume cha nyingine. Kubadilisha waya peke yake kwenye pikapu ambazo hazikupangwa hivyo hakusaidii. Unapata sauti nyembamba tu.

Tundu lote la waya lilivishwa karatasi ya aluminiamu ya jikoni, ikaunganishwa na waya wa ardhi kwa skrubu, kwani risasi ya kulehemu haishiki kwenye aluminiamu. Ncha ya moto ya tundu la kuchomekea ilifunikwa kwa utepe ili isiguse karatasi, la sivyo gitaa zima linanyamaza.

Mvumo uliobaki ulitoka kwenye jengo lenyewe. Kanisa linaloendeshwa kwa jenereta, au soketi isiyo na waya wa ardhi, linaweza kumpa mpigaji shoti kupitia nyuzi pindi mdomo wake unapogusa maikrofoni. Wapo wanaokata waya unaounganisha daraja na ardhi ili kukwepa shoti hiyo. Ni kuficha moto kwa blanketi. Aitwe fundi umeme, nguzo ya ardhi ichimbiwe, na hadi hapo vyombo vizimwe.

Pikapu mpya, priampu ya betri ya volti 9, daraja zito la kung'aa: vyote hivyo vilipendekezwa, na vyote nilivikataa. Besi ya kwaya inahitaji vitu vichache vinavyoweza kuharibika, na betri ya mraba huisha katikati ya ibada.

Vipimo hivi ni vya Agosti. Mvua za Novemba zikianza, shingo itasogea tena, kwa hiyo mweka hazina wa kwaya atenge fedha ya seti moja ya nyuzi kila mwaka, na mpigaji apime freti ya 8 kabla mtu hajaligusa daraja lake.