Roboti ya Kutekenya

Jitekenye kiganja uone: hucheki. Akija mwingine kukugusa vilevile, unajikunyata. Wengi husema ni kwa sababu unajua mguso unakuja. Jibu hilo halitoshi, maana hata ukimwona mwenzio akileta vidole kwapani utacheka, tena pengine kabla hajakufikia.

Sarah-Jayne Blakemore, Chris Frith na Daniel Wolpert, watafiti wa London, walishuku jambo jingine. Ubongo unapouamuru mkono usogee, hubaki na nakala ya amri, na kwa nakala hiyo hukisia mguso utakaofuata. Ukija kama ulivyokisiwa, hufifishwa. Shida ilikuwa namna ya kulithibitisha. Mkono wako na makisio yako huenda pamoja siku zote, utavitenganishaje?

Mwaka 1999 waliweka roboti katikati. Mtu alisukuma roboti moja kwa mkono wa kushoto, na ya pili, yenye kipande cha sponji, ikarudia mwendo uleule juu ya kiganja chake cha kulia. Mguso ukija papo hapo, ilikuwa sawa na kujitekenya. Kisha wakaanza kuuchelewesha: milisekunde 100, 200, 300. Mtu ni yuleyule, sponji ni ileile, kilichobadilika ni muda tu. Na watu wakasema mguso uliochelewa unatekenya zaidi. Walipoupindisha mwelekeo, kwa nyuzi 30, 60 na 90, matokeo yakawa ya namna hiyohiyo.

Hapa nawavulia kofia. Kumwuliza mtu ametekenyeka kiasi gani ni kipimo dhaifu, kila mmoja ana alama zake. Lakini alama zikipanda kwa kufuata mabadiliko madogo kiasi hicho, huwezi kusema watu walikuwa wakibahatisha.

Picha za ubongo walizopiga mwaka uliotangulia zilikuwa zimeonyesha sehemu inayopokea mguso ikitulia mtu anapojigusa mwenyewe. Kilichoshukiwa kupeleka taarifa ya kuituliza ni ubongo mdogo, ule wa kisogoni, unaoratibu mienendo.

Mwaka 2000 Blakemore na Frith wakarudi na swali gumu zaidi, safari hii kwa wagonjwa wa akili: vipi makisio ya ubongo yakiharibika? Wale waliokuwa wakisikia sauti za watu wasiokuwepo, au kuhisi kwamba miili yao inaendeshwa na mwingine, walipojigusa wenyewe walitekenyeka sawasawa na walipoguswa na mtafiti.