Fanani, Hadhira na Uaminifu wa Kisa

Mnamo 1966 televisheni ya Marekani ilianza kuonyesha Star Trek. Mwaka huohuo kilichapishwa Akamba Stories cha John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui. Wapenzi wengi wa mfululizo huo hudai kila kipindi kipya kiafikiane na vya awali. Sura mpya za Waklingoni, viumbe wa sayari nyingine, zililalamikiwa mwaka 2017. Fanani wa Kitui na Makueni, kinyume chake, ana hiari ya kurefusha, kufupisha na kugeuza ngano. Kinachodumu ni hulka: sungura mwerevu, fisi mlafi. Maandishi na filamu huhifadhi toleo moja tu. Likifanywa hakimu wa fanani, ngano hugumba. Mhakiki na aulize, basi, si kama sura zimebadilika, bali kama hulka ingali ileile.