Mikono ya Baba katika Hadithi ya Daktari Williams

Hadithi fupi ya William Carlos Williams iitwayo The Use of Force ina kurasa chache mno. Ukiianza kwenye teksi hapa Berea utaimaliza kabla hujashuka mjini. Mwandishi wake alikuwa daktari kwa kazi na mshairi kwa kipaji, huko New Jersey, Marekani, na mwaka 1938 aliiingiza katika kitabu chake Life Along the Passaic River. Naileta kwenu, ndugu wasomaji, kwa sababu inahusu jambo ambalo wazazi wengi tumelifanya bila kulizungumza: kumshika mtoto kwa nguvu ili atibiwe.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Daktari anaitwa nyumbani kwa familia asiyoijua. Mtoto wao wa kike, Mathilda, ana homa kwa siku tatu, na shuleni kwao kumeingia dondakoo, ugonjwa unaotandaza utando kooni na ambao enzi hizo uliwamaliza watoto wengi. Daktari anataka kuona koo. Mtoto hafungui kinywa. Anamrukia na kumwangusha miwani. Baba anaamriwa amshike. Kijiti cha kukandamizia ulimi kinatafunwa hadi kinakuwa vibanzi, kinywa kinatoka damu, na daktari anaomba kijiko. Mwisho anashinda, na kweli, mafindo yote mawili ya koo yamefunikwa na utando.

Msomaji wa haraka hufika hapo akashusha pumzi: basi, daktari alikuwa na haki. Mimi sikubali. Utando ulionekana baadaye, hasira ilikuja kabla. Na msimulizi mwenyewe hafichi. Anakiri kwamba pengine ingefaa aache, arudi baada ya saa moja au zaidi. Lakini amekwisha kupandwa na ghadhabu, na anaonja raha katika kumshinda mtoto. Ukubwa wa hadithi hii uko katika ungamo hilo. Katika karakana, bolti ikigoma, mwanafunzi huchomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi. Fundi huondoa mkono kwanza akauliza kwa nini imegoma. Daktari wa Williams ni fundi aliyegeuka mwanafunzi mbele ya macho yetu.

Tuipime hadithi kwa mambo ya kwetu. Waliokulia Tanzania wanajua habari ya kukata kimeo. Mtoto akikohoa bila kukoma, au akitapika, hupelekwa kwa mkata kimeo. Bibi anashika miguu, mama anashika kichwa, kinywa kinapanuliwa, kisu kinaingia. Koo lile lile, mikono ile ile, mapenzi yale yale. Lakini kimeo hakikuwa na kosa lolote, na wako waliovuja damu nyingi, walioshikwa na pepopunda, na waliokufa. Hali kadhalika yale yanayoitwa meno ya plastiki: mtoto mchanga anafukuliwa vichipukizi vya meno kwenye ufizi kwa kudhaniwa kuwa ndivyo vinavyomletea homa na kuharisha. Kama mapenzi na nia njema vinatosha kuhalalisha kumshika mtoto, basi mkata kimeo na daktari wa Williams wamekaa benchi moja. Kinachowatenganisha ni haja ya kweli, tena iliyojulikana kabla mkono haujamgusa mtoto. Na hata haja hiyo ikiwapo, bado liko swali ambalo daktari alijiuliza akalipuuza: ni lazima sasa hivi? Mtoto aliyepaliwa na sarafu hangoji. Huyu wa dondakoo, kwa maneno ya daktari mwenyewe, labda angengoja saa moja.

Katika foleni za kliniki za hapa Johannesburg, swali hili lina uzito wa pekee kwetu. Muuguzi anasema Kizulu au Kiingereza. Mtoto wa miaka minne anaelewa Kiswahili cha mama yake tu, na mama huyo huyo ndiye anayeambiwa, mshike. Sauti pekee anayoielewa mtoto ndiyo inayomkaba. Nasi tumemwandaa vibaya tangu nyumbani: akikataa uji tunamtisha kwamba daktari atamchoma sindano, kisha mlangoni kwa daktari tunamwambia haiumi. Mama wa Mathilda naye anaahidi kwamba daktari hataumiza, na daktari anasaga meno kwa kuudhika. Yeye alitaka neno hilo lisitajwe kabisa. Mimi ningetaka litajwe kwa ukweli: itauma kidogo, nimekupakata, itakwisha.

Sheria ya Watoto ya Afrika Kusini, namba 38 ya mwaka 2005, inampa mtoto aliyetimiza miaka 12, akiwa amepevuka kiakili, haki ya kukubali matibabu mwenyewe; na kifungu cha 10 kinataka hata mdogo zaidi, kadiri ya umri na uelewa wake, asikilizwe. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilishauri mtoto anayechanjwa apakatwe na mzazi, na anyonyeshwe kama bado ananyonya. Hakuna ajabu yoyote hapo. Bibi zetu walijua kupakata, hata kama walijua pia kubana pua ili dawa ipite.

Baba wa Mathilda ndiye ninayemrudia kila ninaposoma. Daktari anamchukia kwa sababu, kila anapokaribia kufaulu, baba analegeza mikono. Anaonea aibu tabia ya binti yake, tena anaogopa kumuumiza. Msimulizi anauhesabu ulegevu huo kuwa udhaifu, na ni rahisi kumfuata. Lakini katika chumba kile, mwenye kuhisi mwili wa mtoto unavyotetemeka ni baba, na mikono yake inasema jambo ambalo daktari anakuja kulikiri aya chache baadaye.

Natamani mmoja wetu aitafsiri hadithi hii. Kazi ngumu itakuwa jina lake. Nguvu ni neno jema mno, kwani mgonjwa akipona husema amepata nguvu. Mabavu nalo linamhukumu daktari kabla hajabisha hodi.